Kupanda malisho upya: Wakati ni upi, na gharama iko wapi?

KILA mwaka ifikapo Septemba na Oktoba, wenye bucha wa Buguruni hurudia lalamiko lile lile: ng'ombe ni mkubwa kwa macho, lakini mizani inasema mengine. Mnyama anayeshushwa mnada wa Pugu akiwa mbavu nje, akishapita machinjio ya Vingunguti hutoa mifupa mingi na ngozi, na nyama inayofika kwenye ndoano za bucha hairudishi hata mtaji.

Mwenye bucha humlaumu dalali, dalali humlaumu mfugaji, na mfugaji hulaumu kiangazi. Lakini kiangazi huja kila mwaka na tarehe zake zinajulikana. Kinachokosekana ni majani yaliyowekwa akiba kabla hakijaingia, na hapo ndipo lilipo swali la makala haya: je, inamlipa mfugaji wa kawaida kuingia gharama ya kupanda upya malisho yaliyokufa, na kama inalipa, afanye hivyo lini?

Swali hili limekuwa zito zaidi sasa kuliko miaka kumi iliyopita. Takwimu za Wizara ya Mifugo na Uvuvi za mwaka 2023 zilionyesha nchi ina ng'ombe zaidi ya milioni 36. Mwaka 2025 Serikali ilizindua kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo, ambapo chanjo hutolewa kwa bei ya ruzuku. Ni jambo jema. Lakini ng'ombe asiyekufa kwa homa ya mapafu anahitaji kula, na ardhi ya malisho haiongezeki kwa sindano. Tukiokoa ndama kwa chanjo halafu tukawaua kwa njaa mwezi wa Oktoba, tutakuwa tumehamisha tarehe ya kifo tu.

Tuanze na hesabu, maana wafanyabiashara wa Buguruni ni watu wa hesabu.

Zebu wetu wa asili mwenye nundu, aliyekomaa na mwenye afya ya wastani, ana uzito wa kama kilo 250. Akichinjwa, karibu nusu ya uzito huo ndiyo inayoning'inizwa. Mnyama huyo akipoteza kilo 40 kwa sababu ya kiangazi, jambo ambalo si la ajabu hata kidogo, mwenye kuchinja amepoteza kama kilo 20 za nyama na mifupa. Tuseme bei ya jumla machinjioni ni Sh8,000 kwa kilo (msomaji aweke bei ya siku yake). Hiyo ni Sh160,000 kwa ng'ombe mmoja. Mfugaji anayeuza ng'ombe kumi kwa mwaka ameacha Sh1,600,000 zikipeperushwa na upepo wa kiangazi, na hakuna mahali alipoziandika, kwa hiyo hajui kama zimepotea.

Sasa tuangalie tumbo. Ng'ombe hula kwa siku majani makavu yanayolingana na asilimia mbili na nusu hadi tatu ya uzito wake. Kwa mnyama wa kilo 250, ni kilo sita na kitu. Miezi minne ya ukame ni siku 120, ambazo zinataka kama kilo 750 za majani yasiyo na maji kabisa. Robota la kawaida la hei lina kilo 15, na hei yenyewe ina unyevu kidogo, hivyo ng'ombe mmoja anahitaji marobota 50 hadi 60 kuvuka kiangazi bila kutoka zizini. Tuseme robota ni Sh4,000. Hapo ni Sh200,000 hadi Sh240,000 kwa kichwa kimoja.

Mara moja utaona kwamba kumlisha kila ng'ombe hei ya kununua, mwanzo wa kiangazi hadi mwisho, ni hasara. Huo ndio ukweli unaowafanya wafugaji wengi wakate tamaa mapema na kusema malisho ya kupanda ni ya wazungu. Lakini hesabu haikusema uwalishe wote. Mnyama utakayemuuza, ng'ombe anayenyonyesha na ndama aliyeachishwa ndio wenye haki ya robota. Wengine watasogea na machungani wakipungua. Ukimlisha mnyama wa kuuza kwa siku 60 za mwisho, ni marobota 25 hadi 30, yaani Sh100,000 hadi Sh120,000, dhidi ya ile Sh160,000 ya nyama inayopotea. Ukiongeza kidogo cha mashudu ya pamba au ya alizeti, faida inaonekana. Ukiwa umezalisha majani hayo mwenyewe, inaonekana zaidi.

Na hapa ndipo tunapoingia kwenye gharama ya kupanda.

Chukua ekari moja katika eneo kavu, tuseme Chalinze ya ndani, Kongwa au Kiteto. Bei nitakazotaja ni za mfano, na kila mmoja azibadilishe kwa za kijijini kwake. Kulima kwa trekta Sh60,000. Kulisawazisha shamba na kuvunja mabonge Sh40,000. Mbegu kilo nne kwa Sh20,000 kila kilo, Sh80,000. Vibarua wa kupanda Sh20,000. Palizi moja Sh50,000. Ua wa miiba Sh60,000. Jumla Sh310,000.

Mwaka wa kwanza ekari hiyo ikienda vizuri, tuseme inatoa marobota 60. Kwa Sh4,000 kila moja ni Sh240,000, na bado hujalipa wa kukata na kufunga. Kwa hiyo mwaka wa kwanza ni hasara, na yeyote anayekuambia vinginevyo anataka kukuuzia mbegu. Faida iko mwaka wa pili na kuendelea, kwa sababu nyasi hizi ni za kudumu. Hulimi tena wala hununui mbegu, unalinda na kukata tu. Likitunzwa, shamba la namna hii linaweza kukaa miaka mitano au zaidi, na ile Sh310,000 ikigawanywa kwa mitano inakuwa Sh62,000 kwa mwaka.

Lakini kuna jambo ambalo vipeperushi vya kilimo havilisemi kwa sauti. Mvua ikikata wiki ya tatu baada ya mbegu kuchipua, hakuna shamba. Ua unabaki, lakini kulima, kusawazisha, mbegu na vibarua unaanza upya. Kwa mfano wetu, jaribio la pili ni Sh250,000 nyingine, na sasa ekari moja imekula Sh560,000. Yule aliyepanda ekari kumi kwa mkopo amekwisha. Ndiyo maana wakati wa kupanda una uzito kuliko bei ya mbegu. Kosa la wiki mbili katika kalenda linagharimu kuliko tofauti ya Sh5,000 kwa kilo ambayo watu hubishania dukani.

Basi kalenda ikoje?

Mikoa ya kati, kuanzia Dodoma kwenda Singida, ina msimu mmoja wa mvua, Desemba hadi Aprili hivi. Huko hakuna ubishi: ardhi itayarishwe Oktoba na Novemba, na mbegu ziwe ardhini mvua za kwanza za kweli zinapoanza, au siku chache kabla yake katika udongo mkavu. Mfugaji anayesubiri mvua zikolee ndipo atafute trekta, ameshachelewa. Trekta zote ziko kwenye mahindi na alizeti, naye anapata zamu Januari, na mbegu yake inachipua huku msimu umebakiza miezi miwili na nusu. Nyasi change inahitaji miezi mitatu hadi minne kushika mizizi.

Pwani ni tofauti. Kibaha, Kisarawe, Mkuranga na Bagamoyo tuna vuli kati ya Oktoba na Desemba, na masika kati ya Machi na Mei. Watu wengi huvutiwa na vuli kwa sababu inakuja wakati njaa ya mifugo iko kileleni, na mtu mwenye njaa hapangi, anakimbilia. Kwa maoni yangu hilo ni kosa kwa mfugaji mdogo. Vuli ya Pwani ni kigeugeu. Mwaka huu inanyesha wiki nane, mwaka ujao inanyesha siku nane. Masika ni ya uhakika zaidi na ni ndefu zaidi.

Kuna sababu nyingine ambayo wengi hawaifikirii, nayo ni kukausha. Nyasi iliyopandwa mwishoni mwa Machi inafikia kukatwa mwishoni mwa Julai, wakati ambapo Pwani kuna upepo mkavu na jua lisilo kali sana. Hei ya Julai inakauka ikiwa na rangi ya kijani na harufu nzuri. Aidha, ni miezi miwili tu kabla bei ya majani haijapanda. Ile ya vuli inafikia kukatwa Februari, na ukichelewa kidogo masika yanaikuta imelala shambani ikiota ukungu.

Masika nayo yana ubaya wake. Mvua kubwa husomba mbegu ndogo hizi kama vumbi, na magugu huota kwa kasi kuliko nyasi. Kwa hiyo palizi ile ya Sh50,000 Pwani inaweza kuwa mbili. Shamba la mteremko lipandwe kwa mistari inayokata mteremko, si kwa kumwaga.

Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, hutoa utabiri wa kila msimu kabla haujaanza, na siku hizi unagawanywa kwa kanda hadi wilaya. Mfugaji asome sehemu mbili tu: mvua zitaanza lini, na kama zitakuwa chini ya wastani. Zikitabiriwa chini ya wastani, apande robo ya eneo alilokusudia, mbegu nyingine aihifadhi. Kuahirisha hakumgharimu kitu, ilimradi mbegu ikae pakavu.

Hilo la mbegu linatuleta moja kwa moja Kariakoo na Buguruni.

Mbegu za nyasi si kama mahindi. Mbegu za senkrasi, ile nyasi yenye suke la manyoya inayostahimili ukame, zikivunwa leo na kupandwa mwezi ujao, nyingi hazitaota. Zinalala. Zinahitaji kukaa miezi sita hivi, wakati mwingine zaidi, ndipo ziamke. Nyasi za Rhodes nazo zinahitaji mapumziko ya miezi kadhaa. Kwa bahati nzuri kalenda ya kati inakubaliana na usingizi huo: mbegu inavunwa Aprili na Mei, inalala ghalani, inapandwa Desemba.

Kwa mfanyabiashara mdogo, maana yake ni kwamba mtaji unafungwa kwa nusu mwaka. Anayenunua Mei kwa wakulima wa mbegu, bei ikiwa chini, na kuuza Novemba, bei ikiwa juu, anafanya biashara halali na yenye manufaa. Anayenunua Oktoba kwa mtu asiyemjua na kuuza wiki hiyo hiyo hajui anauza nini. Mbegu hizi ni nyepesi, zina makapi mengi, na gunia linaweza kuwa nusu yake ni maganda matupu. Hata mbegu ya kweli iliyovunwa kwa mkono, ikiota mbegu 30 katika 100 watu hushukuru.

Dawa yake ni rahisi na haina gharama. Hesabu mbegu 100, zitandaze kwenye kitambaa chenye unyevu au sahani ya mchanga, uziweke kivulini, unyunyizie maji kila siku, na baada ya wiki mbili uhesabu zilizoota. Zikiota 30, kilo mbili za kwenye kitabu uzifanye nne. Zikiota tano, mrudishie mwenye duka. Mwenye duka mwerevu afanye jaribio hilo mwenyewe na aliweke sahani hiyo kaunta. Mteja mwenye macho hatauliza maswali mengi. Aidha, Taasisi ya Kudhibiti Ubora wa Mbegu, TOSCI, ndiyo yenye mamlaka ya kuthibitisha mbegu nchini chini ya Sheria ya Mbegu ya mwaka 2003, na mfuko usio na lebo uulizwe asili yake kabla fedha haijatoka mfukoni.

Vyanzo vya kuaminika havipo mbali. Shamba la Serikali la mbegu za malisho la Vikuge liko Kibaha, mwendo wa saa chache kwa gari kutoka Buguruni. Taasisi ya Utafiti wa Mifugo, TALIRI, ina vituo Mpwapwa, Kongwa, Tanga na kwingineko. Mpwapwa ni kituo cha tangu enzi za Wajerumani, mwaka 1905, na Kongwa ndipo senkrasi ilipofanyiwa kazi kwa miaka mingi. Wazee wanaikumbuka Kongwa kwa jambo jingine: mpango wa karanga wa Waingereza ulioanza 1947 na kufa 1951, baada ya mamilioni ya pauni kuzikwa kwenye udongo ule mgumu. Karanga zilikataa, nyasi zikakubali, na hadi leo Kongwa ni ranchi. Ardhi ile ilikuwa imeshasema inachotaka, waliokuja na matrekta hawakuuliza.

Inachekesha kidogo, na inaumiza pia, kwamba nyasi nyingi zinazouzwa leo kwa jina la mbegu bora asili yake ni Afrika. Brakiaria ilitoka bara hili ikaenda Brazil, ambako imefunika mamilioni ya hekta na kulisha ng'ombe wanaouzwa dunia nzima. Senkrasi ilikwenda Australia, ikalisha mifugo ya Queensland, na katika maeneo mengine ya nchi hiyo sasa wanaihesabu kuwa gugu. Nasi tunarudi kununua kutoka nje mbegu ambazo babu zake waliota kando ya njia zetu.

Lakini kabla msomaji hajafungua pochi, kuna swali ambalo linatakiwa kutangulia yote haya. Je, malisho yako yamekufa, au yamechoka tu?

Wilayani Kondoa, chini ya mradi wa HADO, mwaka 1979 Serikali iliamua kuondoa mifugo yote katika eneo lililokuwa limeliwa na mmomonyoko hadi likabaki makorongo. Uamuzi ulikuwa mkali na uliwaumiza watu. Lakini ndani ya miaka michache nyasi zilirudi zenyewe. Mbegu zilikuwa ardhini zikisubiri kwato ziondoke.

Shinyanga ni mfano mzuri zaidi, kwa sababu haukutumia nguvu. Wasukuma wana desturi ya ngitili: kipande cha malisho kinafungwa mvua zinapoanza, hakiguswi, kinafunguliwa kiangazi kikishakolea, na hapo ng'ombe wanakuta majani yaliyokauka yakiwa wima. Desturi hiyo ilikuwa karibu kufa hadi mradi wa HASHI, ulioendeshwa kati ya 1986 na 2004, ulipoifufua. Zaidi ya hekta 300,000 zilirudishiwa uoto. Wamasai wana kitu kama hicho, wanakiita alalili au olopololi. Gharama yake kuu si fedha, ni nidhamu.

Kwa hiyo pita shambani kwako baada ya mvua za kwanza. Ukiona mashina ya nyasi za kudumu, hata kama ni machache, shina moja kila hatua mbili au tatu, usilime. Funga eneo msimu mmoja au miwili uone. Trekta likipita hapo litaua ulicho nacho ili upande usichokuwa na uhakika nacho. Ukiona udongo mtupu, mgumu kama sakafu, maji yanapita juu bila kuzama, hapo mbegu za ardhini zimekwisha, na kupumzisha peke yake hakutasaidia. Hapo ndipo pa kupanda upya.

Hata hapo si lazima kulima ekari nzima. Chimba mistari kwa jembe, au vijishimo vya nusu duara vinavyotazama juu ya mteremko ili vikamate maji, panda humo tu, na acha nafasi kati yake. Mwaka wa pili upepo utasambaza mbegu. Kule Kuku, kaunti ya Kajiado nchini Kenya, nusu duara za namna hiyo zimerudisha majani kwenye ardhi iliyokuwa vumbi, na vikundi vya akina mama wa Kimasai vinaendesha mashamba ya mbegu za nyasi, wakiuza mbegu na hei. Baringo wamekuwa wakipanda nyasi za asili kwenye mashamba yaliyozungushiwa uzio tangu 1982. Kwa njia hii ile Sh310,000 inaweza kushuka hadi chini ya nusu, kwa kuwa trekta halipo na mbegu ni robo.

Mbegu za senkrasi zina manyoya na hupeperuka. Changanya na mchanga mkavu au unga wa mbao ndipo uzitupe, na usizifukie zaidi ya sentimita moja. Wengi huzifukia kama mahindi, kisha husema mbegu ilikuwa feki. Msimu wa kwanza usiingize mnyama hata mmoja mpaka nyasi imedondosha mbegu. Kipimo chake ni mkono: shika shina, vuta kama ng'ombe anavyovuta. Likitoka na mzizi, funga mlango. Ukishavuna, hei iwekwe juu ya vichanja, si chini, la sivyo mchwa watakuwa ndio mifugo yako.

Gharama kubwa kuliko zote, hata hivyo, haiko kwenye orodha yangu ya Sh310,000. Ni ardhi. Nani atapanda nyasi ya miaka mitano mahali ambapo hajui kama mwakani atakuwepo?

Msomaji wa Dar es Salaam anaweza asijue jinsi ng'ombe walivyojaa mkoa wa Pwani na Lindi. Mwaka 2006 Serikali iliwaondoa wafugaji katika bonde la Ihefu, Usangu, na wengi wakateremka na makundi yao hadi Rufiji, Kilwa na Lindi, sehemu ambazo hazikuwa na utamaduni wa ng'ombe wengi. Tangu hapo habari za ng'ombe kuingia kwenye mahindi, mikorosho na mabonde ya mpunga hazijaisha. Kilosa walikuwa wameshaonja machungu hayo mapema, Desemba 2000, pale watu 38 walipouawa Rudewa. Oktoba 2022 maji ya Mto Ruvu yaliposhuka na DAWASA ikatangaza mgao wa maji jijini, mifugo iliyokuwa kandokando ya mto nayo ikatajwa miongoni mwa sababu. Mkazi wa Buguruni aliyekuwa akinunua dumu la maji kwa bei ya kuruka hakujua kwamba alikuwa analipia, kwa sehemu, ukosefu wa majani huko juu.

Sheria zipo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaruhusu hati miliki za kimila, za mtu mmoja au za kikundi. Sheria ya Maeneo ya Malisho na Rasilimali za Vyakula vya Mifugo, namba 13 ya mwaka 2010, imewekwa mahsusi kwa jambo hili. Pale zilipotumika zimeonyesha njia: Kiteto, vijiji vya Olkitikiti, Lerug na Ngapapa viliunganisha malisho yao chini ya mpango mmoja wa matumizi ya ardhi na kuupa jina la OLENGAPA, kutokana na majina ya vijiji hivyo. Mfugaji wa pale akifunga eneo, anafunga akijua limeandikwa. Kijiji ambacho malisho yake hayajapimwa, mkulima mwenye trekta atayamega kidogo kidogo kila msimu, na mwenye kupanda nyasi atakuwa amemlimia mwenzake shamba la ufuta.

Kwa hiyo mfugaji asiye na karatasi yoyote apande kidogo, nusu ekari karibu na boma, kwa ajili ya ndama na ng'ombe wanaonyonyesha. Mwenye hati, au kikundi chenye hati, ndiye mwenye sababu ya kwenda benki.

Nimalizie na wafugaji walio ndani ya jiji lenyewe, maana nao ni wateja wa soko hili. Kanuni za kilimo cha mjini za mwaka 1992 ziliweka ukomo wa ng'ombe wanne wanaofugwa ndani, na bado kuanzia Tabata hadi Ukonga kuna mabanda ya ng'ombe wa maziwa nyuma ya nyumba. Hawa hawana ekari ya kupanda. Majani yao huletwa kwa baiskeli na guta, na sehemu yake hukatwa bonde la Msimbazi. Nyasi za bondeni ni za kijani mwaka mzima, lakini maji yanayozinywesha yanapokea taka za viwanda na vyoo, na uchunguzi uliofanywa kwa miaka mingi katika bonde hilo umekuta madini mazito kwenye maji na mboga. Maziwa ya mnyama huyo yanakunywewa na watoto wetu.

Ng'ombe wa maziwa mwenye kilo 400 anahitaji kilo kumi za majani makavu kwa siku, sawa na robota moja lisilofika. Wafugaji kumi wenye ng'ombe wawili wawili wanahitaji kama marobota 450 hadi 500 kwa mwezi. Wakiungana, hiyo ni mizigo kadhaa ya kirikuu kutoka Kibaha au Chalinze, yenye mnunuzi anayejulikana na tarehe inayojulikana. Mwenye ekari tano Chalinze anayetaka kujua kama apande nyasi masika yajayo atafute kwanza wateja kumi wa namna hiyo. Akiwapata Januari, bado ana Februari ya kutayarisha shamba, na mbegu aliyoinunua mapema itakuwa imeshaamka usingizini kabla mvua za Machi hazijafika.